MREJESHO: Pa kuzikia bila saruji, Tanga

Wakuu, asanteni sana. Niliuliza kama Tanga kuna pa kuzika kwa sanda tu, bila jeneza, saruji wala vigae, maana mama yetu, Mkristo, ameomba hivyo.

Tumepata kijijini, njia ya Pangani. Mwenyekiti alinifafanulia kuwa halmashauri ya kijiji haigawi ardhi peke yake. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inataka mkutano mkuu wa kijiji uridhie. Umeridhia tupewe kipande kinachopakana na makaburi ya Waislamu. Bwana afya alisisitiza tukae mbali na kisima. Tukachimba shimo la majaribio: udongo mwekundu, mkavu hadi chini.

Mzee mmoja mchimba makaburi akatuonyesha mwanandani, pale ndani anapolazwa maiti, pakazibwa kwa mbao udongo usimwangukie. Carlisle, Uingereza, walifungua makaburi ya asili, yaani ya kuzika bila saruji wala vigae, mwaka 1993; majirani zetu hawa Waislamu wamezika hivi vizazi na vizazi! Nimewaheshimu mno.

Bado muhtasari wa mkutano kugongwa muhuri, na mpakani tutapanda minyaa. Aliye jirani na Pangani mwenye vipandikizi, naomba anijulishe.