Nimelipia mwezi mzima, profesa akaniandikia barua ya mtu mwingine

Wakuu, nina hasira na leo siifichi.

Niliomba nafasi ya ubingwa wa magonjwa ya ndani Marekani. Waliopita huko wanajua: ndani ya ERAS, mfumo wa mtandaoni wa kutuma maombi, unaweza kuwa na barua za mapendekezo nyingi utakavyo, ila kila programu, yaani kila hospitali inayofundisha mabingwa, inapelekewa nne tu, basi. Hapo kwenye kuchagua nne ndipo nilipoumizwa.

Kila niliyemuuliza, humu na kwenye magrupu ya WhatsApp, jibu lilikuwa moja: tanguliza barua za Marekani, na zitoke kwa mtu mwenye jina. Nikauza kiwanja, nikalipia wiki nne za kutazama tu kwenye hospitali ya huko, chini ya profesa. Hugusi mgonjwa, huandiki kwenye faili, unasimama nyuma ya wanafunzi wao. Profesa mwenyewe nilikutana naye raundi sita, nilizihesabu. Siku ya mwisho akasema ataniandikia kwa furaha. Nikamtumia CV na ukurasa mzima wa wagonjwa tuliowajadili.

Barua yenyewe huioni. Haki ya kuiona unayo, ila usipoiachia, programu zinaishuku barua, kwa hiyo wote tunaweka tiki na kufumba macho. Mimi nimejuaje? Kwenye usaili, na niliitwa miwili tu, daktari aliyenihoji alisita, akasoma, akaitazama kamera, akasoma tena. Akauliza, "Hii barua ni yako kweli? Inasema 'he' toka juu mpaka chini." Mimi ni mwanamke. Kwa Kiswahili lingepita, yeye ni yeye. Kwa Kiingereza ilikuwa wazi kwamba ni barua ya kijana fulani, kabadilisha jina akatuma.

Na tangu Januari 2022 Step 1, mtihani wa kwanza wa leseni ya udaktari Marekani, haitoi alama, ni kufaulu au kufeli, kwa hiyo vitu kama barua ndiyo vinaangaliwa zaidi. Machi, Jumatatu ya wiki ya Match, wiki ya matokeo ya nani kapata nafasi, nikasoma kwamba sijapata.

Sasa sikieni kinachoniuma kuliko kiwanja. Nikiwa intani hospitali ya mkoa, bingwa wetu alikuwa ananipigia saa tisa usiku kuuliza yule mama wa sukari kitanda namba 11 amekojoa kiasi gani. Mara ya kwanza natoa maji kwenye mapafu, mkono wake ulikuwa juu ya wangu. Huyo aliniandikia kurasa mbili, akaipandisha mwenyewe kwa bando lake. Nikaiacha nje ya zile nne kwa sababu mlisema barua ya nyumbani haina uzito!

Mtu ambaye hajakuona ukihangaika na mgonjwa ataandika nini? Mnaoendelea kuwaambia wadogo zetu wafukuzie majina, waambieni na hili.

Juzi nimempigia tena yule bingwa. Hakuuliza ile ya kwanza ilifika wapi. Ameuliza tu mwisho wa kuipandisha ni lini.