Mwili ukiwa kwenye mwendo mjini: ugandishwe au uachwe uyeyuke?

kivuli_mchana: Wakuu salama? Naandaa mfululizo wa picha za wacheza dansi wakiwa kwenye ngazi, vivuko, vituo vya mabasi, yaani sehemu ambazo watu wanapita tu na hamsini zao. Nikipiga kwa spidi ya shata (muda ambao kamera inaachwa wazi) ya 1/1000 ya sekunde mwili unaganda safi mpaka vidole unavihesabu, ila mwendo haupo, kama sanamu vile. Nikishusha hadi 1/15 mwendo unakuja lakini mtu mwenyewe anapotea. Nyie mnaamuaje?

jicho_la_tatu: Mkuu 1/1000 usiitupe. Katafute La Chute, mfululizo wa picha wa Denis Darzacq, mpiga picha Mfaransa, wa 2006. Vijana wacheza dansi wanaruka mbele ya majengo ya kawaida kabisa ya Paris na yeye anawadaka wakiwa hewani, hakuna ujanja wa kompyuta wala nini. Mwili umelegea kama wa mtu aliyelala huku ukuta nyuma umenyooka, basi wewe mtazamaji ndo unabaki unasubiri atue. Mwendo unaumalizia mwenyewe kichwani. Kwa hiyo tatizo sio spidi, ni sekunde ipi unamdaka, ukimdaka kwenye pozi la jukwaani lazima awe sanamu.

Mama Lenzi: Mi niko upande wa ukungu. Alexey Titarenko, mpiga picha Mrusi, alipiga umati St. Petersburg miaka ya mwanzo ya 90, Usovieti imeshaanguka, watu wanapanda ngazi za metro, shata kaiacha wazi muda mrefu mpaka umati umekuwa moshi mtupu. Lakini angalia pale kwenye reli ya ngazi, mikono iliyoishikilia inaonekana!! Hiyo mikono ndo inakwambia kwamba ule moshi ni watu. Hata ile picha ya 1838 ya Daguerre, mmoja wa waanzilishi wa upigaji picha, barabara nzima ya Paris inaonekana tupu kwa sababu waliokuwa wanatembea hawakushika kwenye picha, akabaki jamaa aliyesimama anang'arishwa viatu. Kwa hiyo tafuta kitu kimoja kitulie, vingine viache viende.

kivuli_mchana: Aisee hiyo ya mikono imenigusa. Sasa kama nataka mchezaji aonekane na mkia wa mwendo pia uwepo?

jicho_la_tatu: Shata 1/4 hivi, halafu seti flashi ilipuke mwishoni kabla shata haijafunga. Mkia unabaki nyuma ya mwili. Ikilipuka mwanzoni mkia unatokea mbele, mtu anaonekana kama anarudi kinyumenyume.

Mama Lenzi: Na wapita njia wa nyuma uwafikirie pia. Mpiga picha Mmarekani Philip-Lorca diCorcia aliwapiga picha watu Times Square bila wao kujua, mmoja akamshtaki, mahakama ya New York 2006 ikaitupa kesi kwa kuwa ile ni sanaa. Sheria za kila nchi ni tofauti lakini, na mimi binafsi hata pale sheria inaporuhusu, mtu ambaye sura yake imetoka wazi nampelekea simu aione, akikataa nafuta. Mchezaji wako kakubali mwili wake utazamwe, yule anayekimbilia basi hakuna aliyemuuliza.

kivuli_mchana: Nimekupata mama. Basi wapita njia ndo nitawaacha wawe moshi, na mchezaji ndo atulie.