Tupeane uzoefu: uzazi wa kwanza, nani alikuambia leba kukoje?

Mama_Kijacho_Mtwara: Wapendwa, mimba yangu ya kwanza hii, mwezi wa nane. Kliniki napimwa presha, mkojo na damu, narudi nyumbani. Habari za siku yenyewe nazipata kwa majirani, kila mmoja ananitisha kuliko mwenzake. Usingizi sina. Mliopitia, nisaidieni.

Binti_Newala: Umenikumbusha mbali. Unyagoni niliambiwa jambo moja tu kuhusu leba: usipige kelele, utamwaibisha mama yako. Uchungu ukaanza usiku, nikang'ata khanga hadi alfajiri. Tunafika hospitali, chupa ya uzazi ikapasuka pale mlangoni, maji yakajaa kwenye ndala. Nikajua mtoto ameharibika na mimi nakufa. Nikagoma kupanda kitandani. Nesi mmoja mtu mzima akanishika mkono: "Mwanangu, hayo maji ni ya uzazi na ni masafi. Njia imefunguka sentimita sita, tunasubiri kumi. Uchungu ukija vuta pumzi puani, toa taratibu mdomoni kama unapoza uji. Ukikuachia, legeza mwili." Maumivu hayakuisha, ila hofu iliniachia. Kwa nini sikuambiwa hayo kliniki?

Chuno_mjini: Ya chupa hata mimi hakuna aliyeniambia!

Mwl_Masasi: Msiusingizie unyago. Somo wangu alinieleza kila kitu.

Binti_Newala: Ulibahatika dada. Mimi nasema yangu.

Bi_Nachingwea: Chemsha mizizi unywe, utajifungua upesi.

Nesi_Lindi: Hapana, tafadhali! Dawa hizo zinaweza kuubana mfuko wa uzazi kupita kiasi ukachanika, na mtoto akakosa hewa. Msimpe mtu.

Baba_Tandahimba: Sisi msimu wa korosho, magari yote yamebeba magunia. Nikampakia mke wangu kwenye bodaboda, mvua inanyesha. Njiani akapiga kelele, "Simama!" Mtoto akatokea chini ya mkorosho. Mama mmoja mpita njia akamkausha, akamlaza kifuani kwa mama yake, akamfunika khanga, kitovu hakukigusa mpaka tulipofika zahanati.

Chuno_mjini: Weee! Mtoto mzima?

Baba_Tandahimba: Mzima, yuko chekechea.

Mtoto_wa_Kilwa: Mngemwita Korosho jamani 😂

Mwl_Masasi: Mwenzetu hana usingizi, nyie mnamwongezea. Dada, uchungu ukianza tembea, usilale.

Chuno_mjini: Lala! Nguvu utazitaka wakati wa kusukuma.

Nesi_Lindi: Fanya vyote. Uzazi wa kwanza unaweza kuchukua zaidi ya saa 12, tembea ukiweza, ukichoka lala ubavu. Usisukume kabla hujaambiwa. Mtu akukande kiuno. Ukiona damu, maji ya kijani, mtoto hachezi, au kichwa kinauma sana na macho yana ukungu, usisubiri uchungu, nenda. Na mwongozo wa 2018 wa Shirika la Afya Duniani unashauri mama awe na msindikizaji anayemtaka leba.

Mama_Kijacho_Mtwara: Asanteni, nimelia. Huyo msindikizaji, namtaka mama yangu. Wanaruhusu kila mahali?

Nesi_Lindi: Sehemu nyingine wodi ni ya wazi, wanakataa. Uliza kliniki kabla, na omba uonyeshwe chumba chenyewe.