Mashine ya boti inalia "tak" tu, stata haizunguki

Nahodha wa Ntoroko:
Salaam wakuu. Nina boti ya abiria hapa Ntoroko, Ziwa Albert, mashine ya farasi 40, ile ya kuchanganya oili na petroli, yenye stata ya ufunguo. Tangu Jumanne nikizungusha ufunguo nasikia "tak" moja kwenye rilei, ile swichi inayopeleka umeme kwenye stata, basi. Betri nilibadilisha mwezi uliopita, fyuzi nzima. Jana nilizima katikati ya ziwa nitoe wavu uliojisokota kwenye propela, ikagoma kabisa. Abiria kumi na mmoja, upepo umeanza kugeuka, mama mmoja ana mtoto mgongoni. Nikafungua kifuniko, nikazungushia kamba gurudumu la juu, nikavuta mara tatu ikawaka. Tulifika salama, lakini usingizi sikuupata. Fundi wa hapa mwaloni anasema ninunue stata mpya. Hela yake ni safari zangu za wiki mbili. Ninunue?

Fundi Masese:
Usinunue kwanza, nahodha. Maadamu imewaka kwa kamba, injini haijakwama na moto wa plagi upo. Na hiyo "tak" inaonyesha ufunguo na swichi ya nyutro, ile inayozuia stata gia ikiwa imeingia, vinapitisha umeme. Gia ingekuwa imeingia usingesikia kitu. Tafuta kwenye nyaya nene: chanya inayopita rilei hadi stata, na hasi inayorudi kwenye betri. Hasi ndiyo watu wanaisahau.

Chukua mita, iweke volti za DC. Chomoa ile kamba nyekundu ya usalama, ili mashine isije ikawaka mikono yako ikiwa juu yake. Mtu ashikilie ufunguo sekunde mbili tatu, wewe pima betri, ukigusa risasi yenyewe, yaani kile kijiti cha betri, si kichwa cha waya. Halafu pima kutoka risasi ya hasi hadi kwenye chuma cha injini, ufunguo ukiwa bado umeshikiliwa. Hapo isizidi nusu volti. Na tafadhali usiunganishe rilei kwa bisibisi kama vijana wanavyofanya. Cheche moja na mvuke wa petroli chini ya kifuniko, umeungua uso.

Mama Panyimur:
Mimi si fundi, nina boti mbili za kubeba muziri, samaki wadogo kama dagaa. Yangu ilifanya hivyohivyo: nyaya za betri zilikazwa kwa nati za masikio, zile za vidole, mawimbi yakazilegeza. Weka nati ya spana. Na usipakie mtu kabla haijapona, kaka. Upepo wa ziwa hili unaujua.

Nahodha wa Ntoroko:
Nimepima asubuhi. Betri 12.6, ufunguo ukishikiliwa 12.5, haishuki. Nikafurahi. Kisha hasi ya betri hadi chuma cha injini: 9.8! Nikadhani mita mbovu, nikarudia mara tatu. Ileile.

Fundi Masese:
Umeipata. Betri haishuki kwa sababu stata haili umeme. Volti karibu zote zinaishia kwenye waya wa hasi. Chana mpira wake karibu na kichwa, pande zote mbili.

Nahodha wa Ntoroko:
Nimechana. Kwa nje ulikuwa mzima, unang'aa. Upande wa injini, ndani, shaba imekuwa unga wa kijani unaomwagika kwenye vidole, nyuzi zilizobaki nimehesabu saba. Nimeweka waya mpya wa unene uleule, kichwa kimebanwa, nimesugua kwa msasa pale unapofungwa kwenye injini hadi chuma kikawa cheupe, nati za spana, grisi juu. Sasa inasoma 0.2, betri inashuka hadi 10.9 na stata inazunguka kwa nguvu. Nimewasha na kuzima mara kumi. Fundi, Mungu akubariki. Mama, nimekusikia: kesho nakwenda peke yangu hadi mdomo wa mto Semliki na kurudi, ndipo nipakie watu. Kamba ya kuvutia nimenunua mpya, iko chini ya kiti changu.