Mjadala: Je, ACT-Wazalendo iendelee kuwapa tiketi ya urais wanaotoka CCM?

Ndugu zangu, naleta hoja ambayo imekuwa ikizungumzwa pembeni kwa muda mrefu, na naona sasa ijadiliwe waziwazi. Chama kidogo cha mrengo wa kushoto kishirikiane na nani, na kwa masharti gani? Nawazungumzia ACT-Wazalendo, chama kilichojitambulisha kwa itikadi ya Ujamaa wa Kidemokrasia na ambacho bado kina watu, ofisi na sauti, bara na visiwani.

Msimamo wangu nautoa mapema ili anayetaka kunipinga ajue aanzie wapi. Kuungana na kundi la wananchi lenye mizizi yake, hata kama halikulelewa kwenye ujamaa, ni sahihi. Kumpa mtu mmoja aliyeingia juzi tiketi ya urais ni kosa, na chama kimelifanya mara mbili mfululizo, 2020 na 2025.

Turudi nyuma kidogo. Chama kilisajiliwa 2014, na wote tunajua kilivyopata wakubwa wake. Novemba 2013 Kamati Kuu ya CHADEMA iliwavua nyadhifa Zitto Kabwe na Dk. Kitila Mkumbo kwa sababu ya waraka wa kubadilisha uongozi wa chama. Zitto akaenda mahakamani, kesi ikamshinda Machi 2015, akahamia ACT na mwezi huohuo akawa Kiongozi wa Chama, Anna Mghwira akiwa Mwenyekiti. Kingeweza kabisa kubaki chama cha kinyongo, kama vingi tulivyoviona tangu 1992 vikizaliwa kwa ugomvi na kufa ugomvi ulipopoa.

Kilichokiokoa, kwa maoni yangu, ni Azimio la Tabora la Juni 2015. Lilikuja kuhuisha Azimio la Arusha la 1967: miiko ya uongozi, viongozi kutangaza mali zao hadharani, hifadhi ya jamii kwa mkulima na mvuvi badala ya kuwa ya mwajiriwa peke yake. Vijana ambao hawakuwahi kumsikia Mwalimu akihutubia waliambiwa kwamba ujamaa haukuishia kwenye vijiji vya miaka ya sabini, na kwamba unaweza kwenda pamoja na vyama vingi na vyombo huru vya habari. Nafasi ilikuwa wazi kweli. Katiba ya CCM bado inataja Ujamaa na Kujitegemea, lakini tangu Azimio la Zanzibar la 1991 kiongozi anaruhusiwa hisa, ukurugenzi, nyumba za kupangisha na mishahara zaidi ya mmoja. Hakukuwa na chama kinachomuuliza kiongozi mali yake ameipata wapi kwa kutumia kipimo cha Arusha. ACT walijitolea kuuliza, wakianza na wao wenyewe.

Matokeo ya 2015 yalikuwa machungu. Wakiwa nje ya UKAWA, muungano wa vyama vya upinzani wa wakati huo, mgombea wao wa urais, mama Mghwira, alipata kura 98,763, chini ya asilimia 1. Bungeni wakapata jimbo moja tu la kuchaguliwa, Kigoma Mjini. UKAWA nao, baada ya kumpokea Waziri Mkuu wa zamani, Edward Lowassa, kutoka CCM mwishoni mwa Julai na kumfanya mgombea wao wa urais, walipata kura 6,072,848. Watu wengi wakajifunza somo moja hapo: kigogo analeta kura.

Nadhani somo hilo lilisomwa nusu. UKAWA ilizaliwa 2014 ndani ya Bunge Maalum la Katiba, kutetea rasimu ya Katiba Mpya ya Tume ya Jaji Warioba. Ilikuwa na hoja moja nzito iliyowaunganisha CHADEMA, CUF, NCCR-Mageuzi na NLD. Alipoingia Lowassa, Dk. Slaa, Katibu Mkuu wa CHADEMA, aliondoka na Profesa Lipumba akajiuzulu uenyekiti wa CUF. Mwaka uliofuata Lipumba alitaka kiti chake, CUF ikapasuka katikati. Machi 2019 Lowassa mwenyewe alirudi CCM. Kura milioni sita ziliwahi kuwepo, lakini niambieni leo ziko kwenye shina gani, tawi gani, na Katiba Mpya imefika wapi.

Sasa niseme kuhusu Machi 2019, kwa sababu hapa ndipo wanaharakati wenzangu wa kushoto wanaponipinga kwa nguvu. Tarehe 18 Machi Mahakama Kuu ilitoa hukumu iliyompa Lipumba ushindi katika mgogoro wa CUF, na siku hiyohiyo Maalim Seif Sharif Hamad, kiongozi wa CUF upande wa Zanzibar, akatangaza kuhamia ACT-Wazalendo na wafuasi wake. "Shusha tanga, pandisha tanga", na Unguja na Pemba ofisi zilizokuwa za CUF zikaanza kupakwa zambarau, rangi ya ACT. Wanaopinga wanasema hapo ndipo ujamaa ulipozikwa. Hoja yao ina uzito: CUF ilijiita chama cha utajirisho, na kimataifa ilikaa na vyama vya kiliberali. Watu wa utajirisho wanaingiaje kwenye chama cha Ujamaa wa Kidemokrasia bila mmoja kumeza itikadi ya mwenzake?

Naielewa hoja hiyo, na bado naikataa. Waliohamia siku ile walikuwa mashina na matawi, kinamama wa Micheweni na wavuvi wa Nungwi, watu waliozika ndugu zao waliouawa kwenye maandamano ya CUF Januari 2001 na wakabaki na msimamo wao. Ukiwa chama cha wanyonge, ukawakataa watu wa namna hiyo kwa sababu hawajasoma Azimio lako, basi wewe si chama, ni kikundi cha kusoma. Sheria yenyewe inadai chama kiwe na wanachama pande zote za Muungano, wasiopungua 200 katika kila mkoa kati ya mikoa kumi, Unguja na Pemba zikiwemo. Vyama vingi vya bara hulitimiza sharti la Zanzibar kwenye karatasi tu. ACT walipata Zanzibar ya kweli.

Ninachowalaumu ni kwamba kazi ya itikadi haikufuatia kwa nguvu inayostahili. Chukueni mkulima wa karafuu wa Pemba, anayetakiwa kisheria kuiuzia karafuu yake ZSTC, shirika la serikali. Mjamaa anamwambia nini? Kwamba shirika la umma ni zuri kwa sababu ni la umma? Au kwamba ushirika wa wakulima wenyewe ndio uwe na sauti ya bei? Hapa ujamaa wa Tabora na madai ya haki ya Pemba vingeweza kukutana na kuzaa sera moja yenye nguvu kuliko zote mbili. Badala yake mara nyingi bara husikika uchumi na hifadhi ya jamii, visiwani husikika mamlaka kamili ya Zanzibar na kura zilizoibwa, kana kwamba ni vyama viwili vyenye bendera moja.

Kuhusu kuingia Serikali ya Umoja wa Kitaifa ya Zanzibar, pamoja na CCM, Desemba 2020, najua jeraha bado ni bichi. Kwa hesabu rasmi Maalim alipewa asilimia 19.87 ya kura za urais wa Zanzibar, Katiba ya Zanzibar tangu marekebisho ya 2010 inatoa nafasi ya Makamu wa Kwanza wa Rais kwa chama kitakachofikisha kiwango kilichowekwa, na chama kiliamua kuichukua wiki chache tu baada ya uchaguzi ambao chenyewe kilisema watu wake waliuawa. Maalim akafariki Februari 2021, Othman Masoud akashika nafasi. Mimi sikuona usaliti. Naona chama kiliingia bila kuwawekea wananchi wazi masharti na muda: haya yasipotekelezwa kufikia tarehe fulani, tunatoka. Ushirikiano na mkubwa usio na mlango wa kutokea ndio unaowamaliza wadogo.

Hayo yote, hata hivyo, yana utetezi. Yanayonishinda kutetea ni haya mawili.

La kwanza, Bernard Membe. Alikuwa Waziri wa Mambo ya Nje kwa miaka mingi, alifukuzwa CCM Februari 2020, akajiunga na ACT Julai, na Agosti akawa mgombea urais. Kabla ya kupiga kura Oktoba, Zitto na Maalim wenyewe walisimama wakawaambia wananchi wamchague Tundu Lissu wa CHADEMA. Membe akakataa kujitoa. Chama kikawa na mgombea kwenye karatasi ya kura ambaye viongozi wake hawamuombei kura, na ushirikiano na CHADEMA ambao ulikuwa umechelewa mno kusajiliwa, maana sheria inataka makubaliano ya vyama yafike kwa Msajili mapema kabla ya uchaguzi. Membe akapata kura 81,129. Mama Mghwira, ambaye wengi hawakuwa wakimjua kabla ya 2015, alipata nyingi kuliko hizo. Najua mtasema viongozi walikuwa wamekwisha kuzielekeza kura kwa Lissu, na uchaguzi wenyewe ulivyokuwa tunaujua. Ni kweli. Lakini kama tegemeo lilikuwa jina kubwa, jina kubwa lilifanya nini?

La pili, Luhaga Mpina. Aliyekuwa Waziri wa Mifugo na Uvuvi alitoka CCM Agosti 2025, na mwezi huohuo mkutano mkuu wa ACT ukampitisha kugombea urais. Pingamizi la kwanza lilitoka kwa mwanachama wa ACT, likidai kanuni za uteuzi za chama chenyewe hazikufuatwa. Aliondolewa, Mahakama Kuu ikaamuru fomu zake zipokelewe, Tume ya Uchaguzi ikamwondoa tena. Siitetei Tume hata kidogo, na namna mgombea huyo alivyotolewa ni doa kwa uchaguzi mzima. Lakini mlango ule ulifunguliwa kutoka ndani. Chama kilichoandika miiko ya uongozi kilipaswa kuwa cha mwisho kulaumiwa kwa haraka ya kumpitisha mgeni, hasa katika uchaguzi ambao CHADEMA walikuwa nje na kila jicho lilikuwa kwa ACT.

Tukubaliane kwamba tatizo lina chanzo kikubwa zaidi ya chama kimoja. Tanzania haina mgombea binafsi. Marehemu Mchungaji Christopher Mtikila alipigania haki hiyo mahakamani miaka mingi, na 2013 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu, iliyoko Arusha hapahapa, ikamkubalia. Sheria haijabadilika. Kwa hiyo kila anayekatwa CCM hana budi kutafuta chama, na chama kidogo kinageuka daladala: anapanda, anafika anakokwenda au anashushwa njiani, chama kinabaki na deni la mafuta. Mgombea binafsi angevilinda vyama vidogo kuliko kitu kingine chochote, na nashangaa ACT hawalipi dai hilo uzito zaidi.

Wapo wanaosema: bila mgombea anayejulikana huna kura, bila kura huna ruzuku, bila ruzuku huna chama. Hii ndiyo hoja ninayoiheshimu kuliko zote, kwa sababu ofisi ya wilaya hailipi kodi ya pango kwa itikadi. Jibu langu ni kwamba baada ya 2020 chama kilionyesha njia nyingine. Kiliunda Baraza Kivuli la Mawaziri nje ya Bunge, na vijana wasio na majina wakawa wanachambua bajeti, korosho, bima ya afya, mikopo ya wanafunzi, wizara kwa wizara. Watu walianza kuwajua kwa kazi hiyo. Wale ndio wagombea. Ukimweka mmoja wao akapata asilimia 1, 2030 unaanza na asilimia yako mwenyewe.

Wengine watasema nadai usafi usiowezekana katika siasa. Hapana. Tabora ileile, Januari 1958, TANU walikubali kuingia kwenye uchaguzi wa kura tatu, ambapo kila mpiga kura alilazimika kumchagua Mwafrika, Mwasia na Mzungu. Yalikuwa masharti ya kudhalilisha. Zuberi Mtemvu alikataa, akatoka, akaanzisha African National Congress, na katika uchaguzi wa rais wa 1962 hakufikisha hata asilimia 2. Mwalimu na wenzake walishirikiana na kina Amir Jamal, Derek Bryceson na Sophia Mustafa, watu waliokubali msimamo wa TANU, na wakashinda. Tazameni mpangilio wake: wageni walikuja kwenye mstari wa chama, na uongozi wa juu haukukabidhiwa kwa aliyebisha hodi wiki iliyotangulia.

Pendekezo langu kwa ACT liandikwe kwenye katiba ya chama, lisiachwe kwenye kanuni zinazobadilika usiku wa mkutano: anayehama kutoka chama kingine akiwa na wadhifa wa kitaifa asigombee urais hadi amalize walau miaka miwili akiwa mwanachama, awe ametangaza mali zake, na awe ametumikia tawi au wilaya. Ubunge na udiwani tusiuwekee ukali huo. Na mazungumzo na CHADEMA au chama kingine chochote yaanze sasa, yaandikwe, yasajiliwe ndani ya muda wa sheria.

Ningependa kuwasikia kwanza wanachama wa Zanzibar mliotoka CUF: miaka tangu 2019 imewafanya mjione wajamaa, au bado mko safarini na tanga la kuazima? Na nyie mliounga mkono uteuzi wa Agosti 2025, nijibuni hili moja: ni kifungu gani cha Azimio la Tabora mliomba mgombea akitetee kabla hamjampigia kura ukumbini?