Nyanya zangu zimejisokota baada ya jirani kupulizia mahindi, naomba ushauri

Habari zenu wakuu. Niko Moshi, huku Kahe, nina nusu eka ya nyanya. Wiki iliyopita jirani alipulizia 2,4-D, dawa ya kuua magugu, kwenye mahindi, upepo ukaileta kwangu. Siku ya tatu majani ya juu yakasokoteka kama kamba, vikonyo vikapinda. Mahindi yake yako safi, wala hayana habari!

Nimesoma kwamba dawa hiyo huiga oksini, homoni ya ukuaji. Inanasa kwenye protini inayoipokea, TIR1, iliyotambuliwa 2005 kuwa kipokezi cha oksini, na mmea unakua ovyo bila breki. Nimemwagilia sana, nimekata ncha chache, sioni nafuu.

Je, machipukizi mapya yatatoka mazima au ning'oe tu? Na nikipanda maharage hapo hapo, nisubiri muda gani?