Naomba ushauri: kutafuta mababu Waroma wa Uingereza

Habari zenu wapendwa. Bibi mzaa mama wa mume wangu alitoka kwa Waroma wa Uingereza, wale walioitwa majipsi. Watoto wanauliza asili yao, nami nimekwama. Rekodi ya ubatizo ya 1868 huko Kent inamtaja baba kuwa mchuuzi, msafiri, makazi hayakuandikwa. Sensa ya 1841 ndiyo balaa: waliolala mahemani walihesabiwa tu, bila majina! Na ukoo wenyewe ni Smith, jamani, utamshika Smith yupi? Sasa nafuata mashamba ya hopsi za kutengenezea bia, maana familia hizi zilirudi kuvuna kila Septemba. Waliopitia haya, nikazanie vitabu vya parokia za jirani, au kumbukumbu za mahakama, walikopigwa faini kwa kupiga kambi barabarani?